KITABU ALICHOJITOLEA MWANDISHI MWENYEWE: TUKIPOKEE VIPI, NA MKOSOAJI TUMJIBU VIPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Somo letu la mwaka huu linahusu jambo ambalo kila mmoja wetu analiona lakini wachache wanalizungumza kwa utaratibu. Nalo ni kitabu ambacho mwandishi amekichapisha kwa fedha zake mwenyewe, bila kampuni wala taasisi nyuma yake. Je, kitabu cha namna hiyo kina haki ya kusomwa? Na akitokea mtu kukikosoa, mwandishi afanye nini?

TATIZO LENYEWE

Mtu akitoka katika Swala ya Ijumaa, iwe hapa Kibiti, Bungu au Ikwiriri, au akienda Kariakoo kule Dar es Salaam, atakuta vitabu vimetandikwa juu ya mkeka nje ya msikiti. Vingine vina jalada gumu na karatasi inayong'aa, vimechapwa nchi za nje na vimepigwa muhuri kuwa ni wakfu, haviuzwi. Vingine ni karatasi kumi au ishirini zilizokunjwa na kupigwa pini katikati. Kijitabu hicho mwandishi wake ni ustadhi wa kijiji, amekichapisha steshenari, na kwenye jalada la nyuma ameandika kuwa kimetolewa na mwandishi mwenyewe.

Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: "Hiki hakina mchapishaji, achana nacho." Kundi la pili husema: "Maadamu kimeandikwa Bismillah na kina aya ndani yake, basi ni kitabu cha dini, kichukue." Makundi yote mawili yamekosea njia, na kukosea huko kuna hasara kubwa kwetu.

Hasara ya kundi la kwanza ni kupoteza elimu. Katika delta yetu ya Rufiji, kuanzia Nyamisati, Salale, Mbwera mpaka Kiongoroni na Msala, wapo wazee waliosoma kwa masheikh wakubwa, wanaojua mirathi, wanaojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wanaojua historia za misikiti na vyuo vya vijiji vyao. Elimu hiyo imo vifuani na katika madaftari. Mwezi Aprili mwaka 2024 sote tuliona mafuriko yalivyoingia katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Maji hayachagui chombo cha kuchukua, na daftari likishalowa wino huondoka. Hakuna kampuni ya Dar es Salaam itakayopanda boti kuja Mbwera kutafuta daftari la mzee. Asipoandika na kutoa mwenyewe, au wanawe wasipomtolea, elimu hiyo itazikwa pamoja naye. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hasara ya kundi la pili ni kubwa vilevile, kwani dini ya mtoto inaweza kuharibiwa na karatasi kumi zisizo na mwenyewe. Tutalieleza hili mbele, inshaallah.

WEMA WALIOTANGULIA WALITOAJE VITABU VYAO?

Wanafunzi wapenzi, jiulizeni: Imam Malik (aliyefariki mwaka 179 H) alichapishiwa Al-Muwatta na kampuni gani? Imam Bukhari (aliyefariki mwaka 256 H) alilipiwa na nani? Wakati huo mashine za chapa hazikuwepo katika miji yao. Mwanachuoni aliandika, akawasomea wanafunzi wake, nao wakanakili kwa mikono yao. Kwa maana hiyo karibu kila kitabu tunachokitegemea leo kilitolewa na mwandishi mwenyewe.

Lakini hawakutoa ovyo. Imepokewa kwamba Imam Malik aliwaonyesha kitabu chake mafakihi wengi wa Madina kabla ya kukitoa. Imepokewa pia kwamba Imam Bukhari aliwapelekea Sahihi yake wakubwa wa zama zake, akiwemo Imam Ahmad bin Hanbal, Yahya bin Main na Ali bin Al-Madini, wakaipitia. Na baada ya kutoka, kitabu hakikusomeshwa na yeyote tu. Mwanafunzi alikisoma mbele ya mwalimu, akasahihishwa, kisha akapewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha wengine. Silsila hiyo iliendelea mtu kwa mtu mpaka kufika kwa masheikh wetu wa pwani.

Tazameni pia kazi ya Zayd bin Thabit (r.a.) alipoamrishwa na Sayyidna Abubakr (r.a.) kukusanya Qur'ani baada ya vita vya Yamama. Yeye mwenyewe alikuwa amehifadhi na alikuwa mwandishi wa wahyi, lakini hakutosheka na hifadhi yake peke yake. Imepokewa kuwa alitaka maandishi pamoja na mashahidi wawili.

Kutokana na mifano hii tunapata kanuni ya somo letu: katika Uislamu swali la kwanza juu ya kitabu si nani kalipa gharama ya kukichapa, bali ni nani kakipitia.

MIFANO YA PWANI YETU

Afrika ya Mashariki nayo ina mifano. Zanzibar ilipata mashine ya chapa katika zama za Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na vitabu vya dini vikaanza kuchapwa Unguja. Hata hivyo mashine ilikuwa ya Sultani. Wanachuoni wengine walipeleka miswada yao nchi za Kiarabu au waliacha kazi zao zikiwa za mkono.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891-1947) alianza kutoa karatasi yake aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hakungoja taasisi kubwa imwite. Aliona Waislamu wa mji wake wamelala katika elimu na katika mambo ya dunia, akachukua kalamu. Karatasi zile zilikuwa ndogo na hazikudumu muda mrefu, lakini makala zake zilikusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi, na watu wakaendelea kuzisoma baada ya yeye kufariki. Mwandishi huyo ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki.

Mfano wa pili ni Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy (1912-1982), mwalimu wa shule wa Unguja ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qur'ani haikutoka siku moja. Ilianza kutoka sehemu sehemu Unguja katika miaka ya 1950, na kitabu kizima, Qurani Takatifu, kilitolewa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Kabla yake zilikuwepo tafsiri mbili za Kiswahili zilizokamilika: ya Kasisi Godfrey Dale ya mwaka 1923, na ya Jumuiya ya Ahmadiyya iliyotoka Nairobi mwaka 1953. Sheikh Al-Farsy hakukubaliana nazo. Njia aliyoifuata ni kufungua kurasa zao, kutaja aya na kuonyesha mahali alipoona pamekosewa. Na waliokosolewa nao wakajibu kwa maandishi. Hatuzungumzi hapa nani alishinda. Tunachojifunza ni kwamba ugomvi ulikuwa wa karatasi kwa karatasi, na msomaji aliweza kuziweka zote mbili mbele yake akapima.

Sheikh huyo huyo aliandika baadaye, katika miaka ya 1970, juu ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na masheikh wengine wa pwani wakampinga vikali. Pamoja na hayo, tafsiri yake imesomwa katika nyumba za waliomuunga mkono na za waliompinga. Hii ni alama kwamba watu wanaweza kukhitalifiana na mwandishi katika jambo moja na wakafaidika naye katika jingine.

KAZI YA MCHAPISHAJI NI IPI?

Tusimdharau mchapishaji. Mchapishaji mzuri hufanya kazi nne: humpa msomaji mwingine mswada aupime, huusahihisha lugha, hutazama makosa ya chapa, kisha hugharamia na kusambaza. Kati ya hizo, tatu za kwanza ni macho ya pili. Kinyozi hajinyoi, na mwandishi haoni kosa lake kwa sababu anasoma alichokusudia, si alichokiandika. Mwandishi anayejitolea kitabu mwenyewe hajasamehewa kazi hizo. Zimehamia kwake tu, na lazima atafute watu wa kumsaidia.

Wengine hudhani kwamba namba ya ISBN iliyo nyuma ya kitabu ni cheti cha usahihi. Sivyo. Hapa Tanzania namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi yake ni kukitambulisha kitabu kisichanganywe na kingine. Ni kama namba ya nyumba: inakuonyesha mlango, haikuambii tabia ya aliyemo ndani. Mwandishi mwenyewe anaweza kuiomba, na ni vizuri aiombe. Vivyo hivyo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inamlinda mwandishi kwa kuwa ameandika, si kwa kuwa ana kampuni. Basi kwa upande wa sheria ya nchi, kujichapishia si kosa wala si aibu. Katika miaka ya 1980, karatasi zilipoadimika na wachapishaji kulemewa, waandishi kadhaa wa riwaya Dar es Salaam walijichapishia wenyewe, na vitabu vyao vikasomwa nchi nzima.

Na karatasi nzuri nayo isitudanganye. Kitabu cha bure chenye jalada la kung'aa hupimwa kwa mizani ile ile ya kijitabu cha pini.

VIPIMO VITANO VYA MSOMAJI

Katika Surat Al-Hujurat aya ya 6, Allah (S.W.) anatuamrisha tuchunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kwa kufuata amri hiyo, ukikabidhiwa kitabu uliza mambo haya:

1. Mwandishi ni nani, na amesoma kwa nani? Jina lake na mahali anapopatikana vimeandikwa? Asiyeweka jina lake anakwepa kuulizwa.

2. Ushahidi wake uko wapi? Akitaja aya, ametaja sura na namba? Akitaja hadithi, amesema imepokewa na nani na daraja yake ni ipi? Mnakumbuka onyo kali alilotoa Mtume (S.A.W.) kwa anayemsingizia uongo kwa makusudi.

3. Nani amekipitia? Ustadhi wa kijiji anaweza kumpelekea sheikh wake, imamu wa msikiti na mwalimu wa Kiswahili. Majina yao yakiwa mwanzoni mwa kitabu, kitabu kimepata mashahidi.

4. Anazungumzaje juu ya wanaomkhalifu? Mwenye elimu hutaja kauli ya mwenzake kama ilivyo, kisha huijibu. Asiye na elimu huanza na matusi.

5. Kinakutaka ufanye nini? Kikikupeleka kwenye ibada, tabia njema na kuuliza zaidi, hiyo ni dalili nzuri. Kikikutaka uwakimbie wazazi na walimu wako, uwahukumu Waislamu wenzako kuwa ni makafiri na usimuulize mtu, kifunge na ukipeleke kwa mwalimu wako siku hiyo hiyo.

Kipimo hiki cha tano si maneno ya kujaza ukurasa. Sisi watu wa Kibiti na Rufiji tunakumbuka miaka ya 2016 na 2017, walipouawa viongozi wa vijiji, askari na raia wengine, na familia nyingi zikaishi kwa hofu. Sidai kwamba kijitabu fulani ndicho kilicholeta msiba ule. Nasema kwamba jamii iliyoonja uchungu wa damu kumwagika haiwezi kuyachukulia kwa wepesi maandishi yasiyo na mwenyewe yanayohalalisha damu ya watu, yawe ya karatasi au ya kutumiana kwenye simu.

MWANDISHI NA WAKOSOAJI WAKE

Kitabu kikitoka, wakosoaji hawakosi. Hao ni wa aina tatu, na kila mmoja ana haki yake.

Wa kwanza ni mwenye nasaha. Anakuja na kitabu chako mkononi, anakuonyesha ukurasa, anasema: "Ustadhi, hadithi hii hukuitaja mpokezi wake," au "Ustadhi, fungu hili la mirathi halijumliki." Huyu amekusomea bure kazi ambayo kampuni ingemlipa mtu. Haki yake ni kushukuriwa na kosa kusahihishwa wazi. Kama nakala zimekwisha kutoka, andika karatasi ya masahihisho na uibandike ndani ya zilizobaki, kisha ulitangaze mbele ya wale uliowagawia. Katika toleo la pili sahihisha na umtaje kwa wema.

Wa pili ni anayekhalifiana nawe kwa hoja. Hajasema umekosea kunakili, ila anaona dalili inaelekea upande mwingine. Haki yake ni kujibiwa kwa hoja, au kuachiwa kauli yake. Imam Shafii, ambaye sisi wa pwani hii tunafuata madhehebu yake, alikuwa mwanafunzi wa Imam Malik na alimheshimu sana, lakini aliandika mahali alipokhitalifiana na mwalimu wake. Na yeye mwenyewe alipohamia Misri alibadilisha kauli zake nyingi alizozitoa Iraq, ndiyo maana katika fiqhi tunasoma kauli ya kale na kauli mpya. Kubadili kauli baada ya kupata dalili yenye nguvu zaidi hakukumshushia heshima.

Tazameni pia habari ya Sahihi Bukhari. Imam Ad-Daraqutni, aliyefariki mwaka 385 H, aliandika kuzikosoa baadhi ya hadithi za Bukhari na Muslim. Zaidi ya miaka 400 baadaye Ibn Hajar Al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 H, alizipitia hoja zile moja moja akazijibu katika utangulizi wa Fat-hul Bari. Hakuna aliyesema Ad-Daraqutni ni adui wa Sunna. Wanachuoni wanamhesabu kuwa ni imamu, na kitabu cha Bukhari kimezidi kuaminiwa kwa sababu kilipita katika tanuri ya ukosoaji kikatoka salama.

Wa tatu ni mtukanaji. Huyu hajasoma kitabu. Anasema mwandishi ni masikini, hana shahada, babake alikuwa mvuvi wa kamba, kijitabu chake kimechapwa steshenari. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Haki yake ni kunyamaziwa na kuombewa dua, kwani katika maneno yake hakuna hoja ya kujibiwa. Ila mwandishi awe mwangalifu: mara nyingine ndani ya tusi huwemo neno moja la kweli. Alichukue neno hilo, tusi aliache lilipo.

Hatari kubwa kwa mwandishi ni kuwachanganya watatu hawa, akamjibu mwenye nasaha kama anavyomjibu mtukanaji. Afanyaye hivyo mara mbili au tatu atakuta watu wema wameacha kumwambia makosa yake, na waliobaki karibu naye ni wanaomsifu tu. Kwa hiyo asijibu siku ya hasira. Asome alichoandikiwa mara mbili, amwonyeshe mtu mwingine, alale, kisha ndipo aandike. Na ajibu kauli, asimjibu mtu. Allah (S.W.) katika Surat An-Nahl aya ya 125 ameamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora.

ADABU ZA ANAYEKOSOA

Wanafunzi nao wana wajibu wao. Kabla ya kukosoa kitabu, kisome chote. Nukuu maneno ya mwandishi kama yalivyo, usiyakate mkia. Mwendee mwenyewe kwanza ikiwa yuko karibu, hasa akiwa ni mtu mzima au mwalimu wako. Mpe salamu, kaa chini, kisha uliza kwa njia ya swali. Kosa dogo usilitangaze mimbarini. Lakini kosa linaloharibu itikadi au haki za watu, kama kumnyima mwanamke fungu lake la mirathi, likishawafikia watu wengi na mwandishi akakataa kulirekebisha, wenye elimu wanapaswa kulibainisha hadharani kwa adabu.

KWA WAZAZI NA WALEZI

Mzazi akiona mtoto ameleta kijitabu nyumbani, asikichane na asikipuuze. Amuulize kilikotoka, kisha akilete madrasa tukisome pamoja. Na kama nyumbani kuna daftari la babu au bibi aliyesoma, lifungieni katika mfuko usioingia maji, mlinakili, na mtuletee nakala. Walimu tutasaidia kulipitia na kulipeleka kwa masheikh wenye fani hiyo. Likifaa, hata nakala hamsini za kupigwa pini zinatosha kuanzia. Ikiwa mwenyewe yu hai, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, na jina lake ndilo litakalokaa kwenye jalada.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni kanuni gani tumeipata kutokana na namna Imam Malik na Imam Bukhari walivyotoa vitabu vyao?

2. Eleza tofauti kati ya namba ya ISBN na ijaza.

3. Taja aina tatu za wakosoaji na haki ya kila mmoja.

4. Kwa nini kauli mpya za Imam Shafii hazikumpunguzia heshima?

5. Kazi ya nyumbani: Chukua kijitabu kimoja cha dini kilichopo nyumbani kwenu, kipime kwa vipimo vitano, kisha andika matokeo yake kwa ukurasa mmoja. Andika jina lako juu ya karatasi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, atuhifadhie wazee wetu na walichotuachia, na azijaalie nyoyo zetu kupokea haki kutoka kwa yeyote anayeileta. Amin.

Wabillahi tawfiq.